Sauti ya Mtu Aliyepigwa Ubavuni

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wewe na mkaza mjomba ni wazima, na kile kikohozi cha vumbi la sponji kimekuachia. Huku hatujambo. Goti la mama limepoa, sasa anapanda ngazi bila kumlaani aliyezijenga. Anakusalimu, na anasema kiti ulichomwahidi mwaka juzi bado hajakiona.

Nimekupigia simu mara nne, inaita tu. Mama akasema niandike, maana barua huwa unasoma.

Mimi bado nipo kwenye duka la miwani, asubuhi nawasomesha watu herufi za ukutani. Lakini mchana, Mjomba, kaa kwanza. Nimepata kazi ya sauti. Kuna studio juu ya duka la rangi, ghorofa ya tatu, wanatia Kiswahili kwenye filamu za nje. Wameleta katuni ya Kijapani ya ndondi, inaitwa Mbeba Makabati, na kati ya watu thelathini na mmoja waliojaribiwa wamenichagua mimi niwe kijana mwenyewe. Ndiyo, mwanamume. Mama ameuliza kama wanaume wameisha mjini. Nimemweleza kwamba sauti yangu ni ya kijana ambaye hajaamua bado.

Huyo kijana anahamisha vyombo vya watu pamoja na bibi yake. Katika kipindi cha kwanza wanaitwa kuhamisha vifaa vya jumba la ndondi linalofungwa. Kila kitu kinashushwa, limebaki gunia moja la mazoezi ambalo ndoano yake imeshika kutu. Kijana analivuta, haliji. Anachoka, analipiga ngumi moja ili lilegee. Mjomba, dari linatikisika. Kocha mzee alikuwa ameshafika chini anatafuta funguo mfukoni, anasimama palepale. Kipindi kinaisha. Niliisoma hiyo karatasi nimesimama dukani, mteja akaniuliza kama nimepata habari njema.

Shida yangu ni moja. Mwongozaji anasema nikipigwa natoa sauti ya mtu aliyekanyaga mwiba. Wewe uliwahi kupigwa kweli. Mtu akipigwa ubavuni anatoa sauti gani?

Mpwa wako


27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua ilifika mapema, aliyechelewa ni mimi. Kikohozi kipo, tumeshazoeana. Mwambie mama yako kiti chake kina miguu mitatu tayari, na mimi ndugu yake sijasahau hesabu, najua viti vina minne. Simu ina matatizo yake, usihangaike nayo.

Hongera kwa kazi. Kuhusu ngumi, niliachana nazo ukiwa darasa la tatu. Mama yako anajua, na alichokwambia kinatosha.

Hapo ndipo nilipomaliza barua hii jana. Leo nimeamka nikaenda kufungua kochi la mwalimu mkuu, springi zote zimelala, na kila nikipiga msumari nafikiria hiyo habari ya mwiba. Imenikera. Nani kawaambia watu kwamba mtu akipigwa ubavuni anapiga kelele? Ngumi ya ubavuni haina sauti. Hewa yote imeshatoka, na sauti inataka hewa, utaipata wapi? Kwanza ni kimya. Hesabu moja, mbili. Halafu kinakuja kitu kama mlango wa zamani unaosukumwa polepole. Ya usoni ni tofauti, meno yanagongana na pua inalia kifupi. Na anayepiga naye hapigi kelele kama muuza samaki. Anatoa pumzi kwenye meno, fss, kama pasi ya moto iliyodondokewa na maji. Kila ngumi na pumzi yake. Akisahau kuitoa, atachoka raundi ya pili.

Mwambie mwongozaji wako kwamba Kitasa wa ulingoni ndiye kasema. Hapana, usimwambie.

Na huyo kocha, alimkubali kijana au alitafuta funguo akaenda zake? Umeniacha mguu mmoja hewani.

Mjomba wako


11 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama mzima, mimi mzima, furaha tu ndiyo inayonisumbua. Nisamehe mwandiko, naandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta.

Nilifanya kama ulivyosema. Ngumi ikaingia ubavuni, nikanyamaza. Moja. Mbili. Fundi mitambo akaruka kutoka kwenye kiti chake, akadhani kipaza sauti kimekufa, mkono wake ulikuwa unaelekea kwenye waya ndipo mlango wako wa zamani ukafunguka kifuani mwangu. Mwongozaji akauliza, "Hiyo umeitoa wapi?" Nikasema kwa mjomba wangu. "Mjomba wako nani?" Hapo ulimi ukateleza, nikataja Kitasa. Akasema jambo, nikamwambia turudi kazini.

Sasa fss imenishika mwili mzima. Jana nilimvalisha bibi mmoja miwani, nikatoa fss, akafumba macho.

Kocha alimkubali, lakini kwa sharti lake. "Ulivishusha wewe, vipandishe wewe." Magunia, benchi, mpaka kamba za ulingo, ghorofa tatu, peke yake. Hicho ndicho kipindi cha pili chote, Mjomba, mtu anapanda ngazi, na huwezi kubandua macho. Anapoweka kengele juu ya meza mikono yake inatetemeka kiasi kwamba kengele inalia yenyewe. Kocha anamwambia, "Mazoezi yameanza."

Cha tatu anawekwa ulingoni na bondia pekee aliyebaki pale, anaitwa Fundi Saa, mwembamba, anapiga mkono wa kushoto na hapotezi hata sekunde. Kijana hamgusi. Anaangushwa mara mbili, na mara ya pili anakaa chini muda mrefu. Mwongozaji anataka pumzi tu, lakini anasema lazima nijue kijana anasikia nini pale chini. Mimi sijui. Anasikia nini?

Tutaonyeshwa kwenye televisheni kuanzia Mei, kila Jumamosi alasiri. Ukisikia sauti yangu utacheka.

Mpwa wako


5 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na mwambie huyo bibi wa miwani pole. Hapa hatujambo. Kochi la mwalimu mkuu limeondoka, limekuja la daktari wa meno, limechoka kuliko wagonjwa wake.

Kijana anafanya vizuri. Kupandisha vitu ghorofa tatu kunajenga mapaja, na ngumi inaanzia kwenye paja. Huyo kocha anajua kazi. Fundi Saa namjua pia, kila jumba lina mmoja. Mwambie kijana aache kumfuata. Azunguke kuelekea kushoto kwake, mbali na ule mkono wa kushoto, amlazimishe ageuke. Nimekuchorea nyayo kwenye karatasi ninayokatia vitambaa, nyeusi ni zake, zilizo na alama ya chaki ni za Fundi Saa. Najua wewe si wa kupigana. Zitembee hivyohivyo, miguu ikijua, pumzi inafuata.

Swali lako. Chini husikii watu. Wanakuwa kama mvua ya mtaa wa pili. Unamsikia mwamuzi, lakini namba zinakuja vibaya, unapata tatu, halafu unapata sita, nne na tano kazila nani hujui. Unanusa turubai. Unaona viatu vya mwamuzi, na unashangaa kamba moja imefungwa mafundo mawili. Mara ya kwanza kuanguka nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikainuka kwa sababu ya hayo mafundo tu, nilitaka kumwuliza.

Televisheni tutaangalia. Jana nililipiga kochi la daktari ngumi tatu za kulia, mkaza mjomba wako akaja na mwiko akidhani kuna mwizi.

Mjomba wako

Mwanangu, ni mimi mkaza mjomba. Amekwenda kutafuta bahasha, naandika haraka. Mjomba wako hasikii. Sikio la kushoto lilikwenda zamani, na la kulia limemfuata mwaka jana. Hamjamwona muda mrefu ndiyo maana hamjui, na ndiyo maana hapokei simu. Mimi ananisoma midomo. Hiyo katuni ataiangalia kama samaki kwenye chupa. Barua zako anazisoma mpaka zinachanika kwenye mikunjo. Usimwambie nimekwambia.


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na mkaza mjomba nampa salamu za pekee. Mama hajambo.

Ndani ya bahasha hii kubwa kuna vipindi vitatu vya mwanzo, kurasa arobaini na mbili, nimenakili kwa mkono. Kila neno la kila mtu, na kila pumzi yangu nimeandika ilivyotoka, ndefu au fupi, ya puani au ya kwenye meno. Ningependa uzisahihishe. Ukizisoma ukiwa mbele ya televisheni itakuwa rahisi zaidi kuona makosa.

Nyayo zako nilizitandaza chini studio, nikazitembea, kipindi cha tatu kikapita kwa mara moja. Mimi na fundi mitambo tulirukaruka kama watoto.

Kisha mambo yakageuka. Mwenye studio anasema kituo cha televisheni kitaamua baada ya kipindi cha nne kama kinaendelea na vyote ishirini na sita, na yeye anataka jina kubwa. Amempata mchekeshaji mmoja wa redioni. Mwongozaji amenipigania nikapewa nafasi moja. Tarehe 10 Mei narekodi pambano la kwanza la kweli la kijana, mwenye studio atakuwepo. Nikimridhisha nabaki. Nisipomridhisha narudi kwenye herufi za ukutani asubuhi na mchana.

Katika pambano hilo anaanguka na anainuka kwenye nane. Nimejaribu mara ishirini chumbani. Kuanguka naweza, kuinuka siwezi, kila mara natoa sauti ya mtu aliyeamshwa. Nahitaji kujua mtu anatoka wapi anapoinuka, na ni wewe tu ninayeweza kukuuliza.

Kwa hiyo nitasema lile nililolificha. Mwongozaji aliposikia jina la Kitasa, alisema, "Yule aliyeuza pambano?" Ndipo nikamwambia turudi kazini. Nyumbani jambo hili halitajwi. Wewe siku ile hukuinuka. Kwa nini, Mjomba?

Mpwa wako


27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Wote wazima.

Umekwishajua, sina haja ya kuzunguka. Mtu hanakili kurasa arobaini na mbili za ah na oh kwa ajili ya mtu anayesikia. Mkaza mjomba wako ameapa hajui lolote, huku anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Sikuuza pambano. Sikio la kushoto lilianza kulia miaka miwili kabla, mlio mwembamba, unakuja na kuondoka. Daktari wa mabondia alikuwa akitupima kwa kunong'ona nyuma yetu. Mimi nilikuwa nakaa mahali ninapouona mlango wa kioo wa kabati la dawa, nasoma midomo yake mle. Nikapita mara nne.

Siku ile nilikuwa naongoza. Raundi ya saba, yule mwenzangu mikono imeshuka, uwanja mzima umesimama. Nikasikia kengele. Niliisikia vizuri kama ninavyouona mkono wangu huu. Nikashusha ngumi, nikageuka niende kwenye kona yangu nikapumzike. Hakuna aliyekuwa amepiga kengele. Ilikuwa kichwani mwangu. Ngumi ilinikuta nimegeuka, nami nilipofika chini nikaelewa yote kwa pamoja, kwamba nimepigwa, kwamba watu wameona nikishusha mikono mwenyewe, na kwamba nikiinuka na kueleza, sitapigana tena maishani. Namba zote nilizisikia, moja hadi kumi. Nilikuwa nafikiria. Nikafikiria mpaka muda ukaisha.

Waliposema nimeuza, nikaona afadhali mwuzaji, siku moja anaweza kusamehewa akarudi. Kiziwi harudi. Kwa hiyo nikanyamaza, mama yako akaniuliza mara moja nikanyamaza, na hayo mengine nayo yakapita hivyo, mpaka leo.

Kuinuka hakutoki kifuani, mpwa wangu, ndiyo maana unakosea. Kunatoka kwenye goti. Goti linaamua, na wewe unashangaa unapelekwa. Lakini hili haliandikiki. Tarehe 10 nitakuja. Niombee nafasi mahali utakaponiona.

Mjomba wako


12 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nadhani umefika salama na basi halikukuchosha. Mama tangu ulipoondoka anaimba jikoni. Siku mlipokaa barazani yeye akiongea taratibu na wewe ukimtazama mdomo, nilijifanya nafua, nimefua shuka moja mara tatu.

Ya studio uliyaona, lakini hukuyasikia, kwa hiyo nakuandikia.

Ulipoingia ukavua koti na kusimama pembeni ya skrini, mwenye studio alimwambia mwongozaji, "Huyu mzee ametoka wapi? Hapa si mahali pa maigizo." Mwongozaji akawasha taa nyekundu.

Raundi ya kwanza na ya pili ulikuwa unapigana na hewa sambamba na kijana, nami sikuwa natazama picha tena, nilikuwa natazama mabega yako. Bega likipanda navuta, likishuka fss. Fundi mitambo akasema kwenye hedifoni yangu, polepole, "Wamelingana hawa." Halafu ukaanguka. Mwenye studio akapiga kelele, "Leteni maji, amezimia," watu wawili wakakimbilia mlangoni, na kelele hiyo imeingia kwenye rekodi, wameifuta kwa taabu. Mimi nikanyamaza. Mwamuzi wa katuni akahesabu. Nikatazama goti lako.

Likaja, Mjomba. Nilisikia kitu kikinipanda kutoka chini kabisa, sikukitoa mimi, kilipita tu. Nilipomaliza uso wangu ulikuwa umelowa, na wewe bado ulikuwa umekunja ngumi unamsubiri mpinzani.

Mwenye studio alisimama. Akavaa kofia yake. Alipofika mlangoni akasema, "Yule mchekeshaji mwambieni asije."

Kuna moja zaidi. Uliponiruhusu kumweleza mwongozaji habari ya kengele, nilimweleza pale ngazini. Ameniomba nikuandikie maneno yake bila kuyapunguza. "Nilikuwa uwanjani siku ile, safu ya tatu. Nilimzomea mpaka koo likakauka. Mwambie." Ndiyo maana alikushika mkono kwa muda mrefu vile, ukadhani anataka kukuuzia kitu.

Mpwa wako


9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Wazima wote. Mama yako ametuletea barua ya kurasa sita, tano ni malalamiko, nimefurahi sana.

Jana wameonyesha kipindi cha nne. Jumamosi tatu zilizopita tuliangalia mimi na mkaza mjomba wako, kurasa zako zikiwa mapajani. Sasa habari imeenea kwamba sauti ya kijana ni ya mpwa wa Kitasa, na jana karakana ilijaa. Walikaa kwenye makochi ya wateja, juu ya magodoro, mmoja alikaa ndani ya kochi lisilo na springi akakwama. Kinyozi wa jirani naye alikuja. Huyo hajanisalimu miaka kumi na tatu. Alinyoa nusu ya mtaa siku ya pambano langu akiwaambia wote kwamba nitashinda.

Kijana alipoanguka niliwatazama wao. Ukimya wako niliuona. Watu wote waliacha kutafuna kwa pamoja. Na alipoinuka karakana nzima iliinuka naye, yule aliyekwama akainuka na kochi.

Mwili wangu ulikuwa umechemka, sijui nilipata wapi ujasiri. Nilizima televisheni katikati ya matangazo, nikawaambia. Siku ile nilisikia kengele ambayo haikupigwa. Nilikuwa kiziwi nusu na nilificha, na sasa ni kiziwi mzima, kwa hiyo mnaponiita barabarani nikapita sijivuni. Nilisema kwa mdomo wangu, sijui kwa sauti kubwa au ndogo. Midomo ilianza kwenda kila upande nikashindwa kuifuata. Kinyozi akachukua chaki yangu ya kukatia, akaandika kwenye meza, KWA NINI HUKUSEMA. Nikamwambia niliona haya. Akafuta kwa kiganja, akaandika, KESHO NJOO NIKUNYOE, UMEKUWA KAMA SPONJI. Nimekwenda leo. Nimenyolewa na nimekatwa sikioni kidogo, lile ambalo halina kazi.

Lakini nina shida, nijibu upesi. Mwisho kabisa wa kipindi, baada ya mwamuzi kuinua mkono wa kijana, anamwendea kocha na ametupa mgongo. Mdomo hauonekani. Kurasa za kipindi hicho ulizoniachia zinasema hapo "pumzi" tu. Lakini watu wote walicheka, na mkaza mjomba wako alifuta macho, kwa hiyo alisema kitu. Nimemwuliza yeye, anasema anashindwa kulisema vile ulivyolisema wewe. Kinyozi ameniandikia, ila mwandiko wa kinyozi anausoma kinyozi. Alisema nini?

Mjomba wako


17 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Kituo kimechukua vipindi vyote ishirini na sita, barua ilifika jana, mwongozaji ameibandika mlangoni. Anasema ghorofa nzima inakusubiri Jumatano tunapoanza cha tano, na amekutengea nafasi ya kuangukia.

Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi, kweli. Nilikuwa nimepewa pumzi, nikaivuta, nikakuona pale pembeni umekunja ngumi bado, yakanitoka. Fundi mitambo hakuyafuta.

Alisema, "Kocha, kesho nije saa ngapi?"

Mpwa wako